Sanduku la njano alilokalia mlinzi

Mzee alinyanyuka kunipisha. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la plastiki la njano, akalipangusa vumbi kwa kofia yake, akaniambia, "Karibu mwanangu, kaa hapa, mimi nimekaa toka asubuhi." Ubavuni mwa sanduku kulikuwa na alama ya kuonya mionzi, mapanga matatu meusi kama ya feni, jua limeifubaza hadi njano ya stika imekuwa kama karatasi ya zamani. Sikumjibu. Nilimshika mkono, mtu mzima wa umri wa babu yangu ambaye nilikuwa nimemwamkia dakika mbili tu zilizopita, nikamvuta nje ya kibanda.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya barabara. Nimezaliwa Bahi, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, na kwa zaidi ya miaka kumi kazi yangu imekuwa udongo: kifusi, kokoto, lami. Kazini kwetu kuna mashine tunayoiita densiti, na sanduku lile lilikuwa la densiti.

Wasiofanya kazi saiti niwaeleze. Kifusi kikishamwagwa, greda likasambaza, boza likanyunyiza maji na rola likashindilia, lazima mtu apime kama tabaka limeshiba kabla ya kuwekewa jingine juu yake. Njia ya zamani ni kuchimba kishimo, kupima uzito wa udongo uliotoka, halafu kukijaza mchanga ili ujue ujazo wake. Kwa jua la Oktoba la hapa kwetu, ukifanya vishimo ishirini umeisha. Densiti inakupa jibu kwa dakika moja. Unatoboa tundu kwa nondo, unaweka mashine juu yake, unashusha fimbo. Kwenye ncha ya fimbo kuna kidonge cha sesiamu-137, kidogo kuliko punje ya mahindi. Mionzi yake hupenya udongo mpaka kwenye vipokezi vilivyo chini ya mashine. Udongo ulioshiba hupitisha michache, udongo legevu hupitisha mingi, na kutokana na hesabu hiyo mashine inakuambia uzito. Tumboni mwake kuna kidonge cha pili, amerisiamu-241 iliyochanganywa na berili, kinachotoa nyutroni za kupimia maji yaliyomo kwenye udongo.

Sesiamu hiyo hupungua nusu kila miaka 30. Amerisiamu huchukua miaka 432 kupungua nusu. Barabara tunayoipima, mara nyingi tunaisanifu kwa miaka 20. Nilipoanza kazi hakuna aliyenipigia hesabu hiyo. Mashine itakuwa bado inatoa mionzi wakati lami imeshang'olewa na kuwekwa upya mara nyingi, kampuni imefungwa, na hakuna anayekumbuka nani alikuwa fomeni.

Ndiyo maana huwezi kuimiliki kama unavyomiliki rola. Sheria ya Nguvu za Atomu Namba 7 ya 2003 inataka uwe na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, yenye maabara yake Arusha. Unatakiwa uwe na mtu aliyefundishwa usalama wa mionzi, stoo yenye kufuli iliyo mbali na watu, na beji ya kifuani kwa kila anayeigusa mashine, beji ambayo hupelekwa kusomwa kila baada ya miezi mitatu ili ijulikane umepokea mionzi kiasi gani. Na unatakiwa uwe na daftari. Mashine ikitoka, iandikwe. Ikirudi, iandikwe.

Wakaguzi wa Tume walitukuta nikiwa na miezi minne tu kwenye mradi ule. Walikuja wawili na kipima mionzi kilichokuwa kikitoa sauti ya tik, tik kama paa la bati linalopoa jioni. Nilishawaandalia mashine mbili mezani, zimefutwa, betri zimejaa. Mkubwa wao hakuziangalia. Alisema, "Dada, tuanze na daftari."

Leseni ilikuwa ya mashine tatu.

Naandika haya na mpaka leo tumbo linanikaza. Aliyenitangulia alisaini kwamba amenikabidhi "mashine zote". Mimi nikasaini kwamba nimepokea "mashine zote". Hakuna kati yetu aliyeandika namba hata moja. Kampuni nayo ilikuwa imehama kambi mara mbili na kubadilisha msimamizi, na kila mmoja alijua kwa uhakika kabisa kwamba mashine ya tatu ilipelekwa Dar kutengenezwa. Ukimwuliza nani aliipeleka, anakutajia mwingine. Ukimpigia huyo mwingine, naye anakutajia wa tatu.

Karatasi za vipimo ndizo zilizotuokoa. Kila fomu ya densiti ina nafasi ya kuandika namba ya mashine iliyotumika. Nilikaa sakafuni kwenye stoo ya nyaraka siku mbili nzima, na vumbi la mafaili, nikifuata namba ile kuanzia fomu ya mwanzo kwenda mbele. Ilionekana, ikaonekana, ikaonekana, halafu ikakoma ghafla. Fomu yake ya mwisho ilikuwa ya kipande cha barabara kilichopimwa kutoka kambi ya zamani, saa moja na nusu kutoka mjini, kambi ambayo tulishaihama. Asubuhi iliyofuata tuliondoka na wakaguzi kwenye gari moja.

Kambi ilikuwa imebaki nguzo, mibuyu miwili na kontena lisilo na mlango. Mlango ulikuwa umekwenda skrepa. Mzee alikuwa ameachwa alinde mabaki, na malipo yake yalikuwa yanakuja yanapokuja. Alilikuta sanduku kontenani mvua zilipokatika, akaliburuta hadi kibandani kwa sababu lilikuwa imara na kibanda hakikuwa na kiti.

Wakaguzi walifungua mfuniko wakiwa na vifaa vyao, sisi wengine tumerudishwa nyuma ya gari. Fimbo ilikuwa juu, kidonge kiko ndani ya ngao yake, kufuli limeshika. Walipima juu ya mfuniko, wakapima ubavuni, wakapima umbali wa mita moja. Walichukua kipande cha pamba wakapangusa kuzunguka mlango wa fimbo, kiende maabara Arusha kuangaliwa kama kidonge kinavuja. Baadaye majibu yalirudi kwamba hakivuji. Halafu mkubwa wao akachukua daftari dogo, akachuchumaa mbele ya Mzee, akaanza kumuuliza taratibu. Unakaa saa ngapi kwa siku? Usiku unalala wapi? Wajukuu huwa wanakuja hapa?

Alipiga hesabu mbele yake na kumweleza. Kiasi alichopokea hakifikii cha kuchoma ngozi wala kuharibu damu, ila kimepita kile ambacho raia wa kawaida anaruhusiwa kupata kwa mwaka kutokana na shughuli za namna hii, yaani milisiveti 1, kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. Mfanyakazi wa mionzi kama mimi anaruhusiwa wastani wa 20, lakini mimi nimefundishwa, nina beji, na nilikubali. "Wewe Mzee hukuulizwa na mtu," alimwambia. Alipelekwa kupima damu, ikawa salama.

Kitu ambacho Mzee alikisema kimenikaa kichwani. "Hiyo feni niliiona. Nikajua ni sanduku la feni. Mwanangu, kitu kisichonuka, hakina moto, hakina sauti, mimi ningekijuaje?" Sikuwa na jibu, na nadhani hata waliobuni alama ile hawana. Shirika la kimataifa la nguvu za atomu, IAEA, lilitoa mwaka 2007 alama ya ziada, nyekundu, yenye fuvu la kichwa na mtu anayekimbia, baada ya kuwauliza watu wa nchi mbalimbali na kuona kwamba yale mapanga matatu peke yake hayamwambii kitu asiyefundishwa. Ila alama hiyo imekusudiwa vyanzo vikali, vya kuua au kujeruhi vibaya. Densiti haimo.

Kisha akatueleza jambo lililonitoa jasho kwenye baridi ya Julai. Watu wa skrepa walikuja mara mbili wakalitaka sanduku. Walilinyanyua, wakaona uzito, wakajua ndani kuna madini ya risasi. Walimpa bei nzuri. Alikataa, kwa sababu alikabidhiwa kulinda, hakukabidhiwa kuuza.

Kama hujawahi kusikia habari ya Goiânia, Brazil, tafadhali nisikilize, maana ni habari hii hii ila pale Mzee hakuwepo. Hospitali moja binafsi ya tiba ya mionzi ilihama jengo, ikaacha mashine ya kutibia saratani kwenye magofu, yenye sesiamu-137 ile ile, ila nyingi kuliko yetu kwa zaidi ya mara 100,000. Septemba 1987 vijana wawili waliokuwa wakitafuta vyuma waliingia, wakakibeba kichwa cha mashine kwa toroli na kukiuza kwa mnunuzi wa skrepa. Kidonge kilishatobolewa. Usiku mwenye yadi aliona unga ukitoa mwanga wa buluu. Akaupenda. Akawagawia ndugu na marafiki kama zawadi. Mtoto wa kike wa miaka 6 alijipaka, akala chakula kwa mikono yenye unga ule. Watu wanne walikufa, na yeye alikuwa mmoja wao. Waliopimwa walizidi 110,000, wengi wao kwenye uwanja wa mpira wa mji, na 249 wakakutwa na uchafuzi. Nyumba zilibomolewa, udongo wa juu ukachotwa. Unga uliofanya yote hayo ulikuwa chini ya gramu 100. Taka zilizozaliwa na usafishaji zilifika mita za ujazo karibu 3,500, na zimezikwa Abadia de Goiás, nje ya mji.

Tatizo la Goiânia halikuanza siku kidonge kilipotobolewa. Lilianza siku watu walipohama jengo bila kuiarifu mamlaka kwamba kitu kimebaki nyuma. Ni hati ya makabidhiano isiyo na namba, kama yangu.

Tangu siku ile nimejifunza kwa hamu ya mtu aliyetishika. Nilipelekwa kozi Arusha, Njiro, na huko nikaona jinsi nchi nyingine zinavyofanya. Mfano wa Uingereza ulinivutia kwa namna walivyogawana kazi. Usalama ndani ya uzio wa eneo la nyuklia ni wa ofisi ya udhibiti wa nyuklia, ONR, ambayo ni chombo kinachojitegemea kisheria tangu 2014. Kinachotoka nje ya uzio, yaani maji, moshi na taka zinazokwenda kuzikwa, kiko chini ya wakala wa mazingira: Environment Agency kwa England, SEPA kwa Scotland, na Wales wana wa kwao. Eneo la nyuklia kama Sellafield haliambiwi tu "usichafue". Kibali kinataja aina za mionzi na kiwango cha juu kinachoruhusiwa kutolewa kwa mwaka, na anayekaguliwa ndiye anayelipia gharama za kukaguliwa. Halafu, hapa ndipo nilipoweka kalamu chini nikasikiliza tu, wakala hao hawaishii kupokea taarifa za mwenye kiwanda. Kila mwaka wao na mamlaka za chakula huchukua maziwa, samaki, kaa na mwani, wanapima wenyewe, na matokeo wanayachapisha kila mtu asome.

Hata huko mambo huharibika. Kwenye kituo cha nyuklia cha Dounreay, kaskazini mwa Scotland, vipande vya mafuta ya nyuklia vidogo kama chembe za mchanga vilikutwa ufukweni miaka ya 1980, na mwaka 1997 uvuvi ukapigwa marufuku ndani ya kilomita 2 kutoka bomba la kutolea maji. Marekani nao wana ghala la taka za nyuklia, WIPP, huko New Mexico, lililochimbwa kwenye chumvi zaidi ya mita 650 kwenda chini. Mamlaka ya mazingira, EPA, huliidhinisha upya kila miaka mitano, kwa hesabu zinazotazama miaka 10,000 mbele. Februari 2014 pipa moja lilipasuka huko chini. Ili kunyonya majimaji, waliolifungasha walitumia mchanga wa choo cha paka uliotengenezwa kwa ngano badala ya ule wa udongo, na ngano ikashika moto polepole pamoja na kemikali zilizokuwamo. Ghala lilifungwa karibu miaka mitatu. Miaka 10,000 ya hesabu, na kosa likawa kwenye mfuko wa mchanga ambao hakuna aliyeuangalia sawasawa.

Kwetu kuna TAEC kwa mionzi, na NEMC kwa mazingira kwa jumla chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. TAEC ina ghala kuu la taka za mionzi Arusha, ambako vyanzo vilivyokwisha kazi hupelekwa kama haviwezi kurudishwa kwa mtengenezaji. Jambo moja nitalisema kwa heshima, maana watu wa Tume wamenisaidia sana. Sheria imeipa Tume kazi mbili: kudhibiti mionzi na kuhamasisha matumizi yake. Marekani walikuwa na chombo cha namna hiyo, na mwaka 1974 walikigawa, kwa sababu anayetakiwa kushangilia kitu hapaswi kuwa ndiye anayekizuia. Ningependa nasi tufikirie hilo kabla kazi haijawa kubwa.

Na itakuwa kubwa. Nimesema nimezaliwa Bahi. Bibi yangu alikuwa na majaruba ya mpunga pembezoni mwa mbuga, pale mto Bubu unapomwaga maji yake na kupotea. Mwaka wa mvua nzuri mbuga inageuka ziwa, watu wanavua samaki mahali ambapo mwaka uliopita walipitisha ng'ombe. Nikiwa bado chuoni walikuja watafiti wa kampuni ya Australia wakatoboa mashimo huko kwetu na Manyoni, wakitafuta urani. Jiolojia yake naielewa sasa kuliko wakati ule. Granaiti ya vilima vinavyotuzunguka ina urani kidogo kidogo, mvua huiyeyusha na kuiteremsha bondeni, na kwa kuwa maji ya mbuga hayana pa kutokea ila juu kwa jua, hubaki kwenye udongo na chokaa, mita chache tu chini ya miguu ya wakulima.

Mgodi haukujengwa. Bibi alifariki bila kujua mwisho wa habari ile, na swali lake lilikuwa moja tu: wakichukua wanachokitaka, kinachobaki wataweka wapi? Lilikuwa ndilo swali lenyewe. Ukisaga mwamba wa urani na kuondoa urani, takribani asilimia 85 ya mionzi iliyokuwamo inabaki kwenye tope la mabaki. Humo kuna rediamu, ambayo hupungua nusu kwa miaka 1,600, nayo huzaa gesi ya radoni. Julai 1979 huko Church Rock, New Mexico, ukuta wa bwawa la tope kama hilo ulibomoka na maji yake yakaingia mto Puerco, mto ambao wafugaji wa Kinavajo walinyweshea mifugo yao.

Huko Mkuju, Namtumbo, mwaka 2012 mpaka wa urithi wa dunia wa Selous ulisogezwa kupisha mradi wa urani, na Julai 2025 Rais alizindua kiwanda cha majaribio. Sipingi. Nchi inahitaji fedha, na mimi mwenyewe nalipwa kwa kazi inayotumia mionzi. Ila ninachotaka, iwe Namtumbo au siku wakirudi Bahi, ni vipimo vya mwanzo. Kabla ya koleo la kwanza, apimwe perege wa mbuga. Upimwe mpunga, maziwa ya ng'ombe, maji ya visima, na matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji kwa Kiswahili. Bahi ina mionzi yake ya asili, na usipoiandika leo, baada ya miaka ishirini mchimbaji atasema ilikuwepo, mwanakijiji atasema haikuwepo, na mkaguzi hatakuwa na karatasi ya kuwaamulia.

Nirudi kambini. Wakaguzi walilifunga sanduku upya, wakaweka lakiri, wakalifunga kwa mikanda nyuma ya gari mbali na viti. Namba ya mashine niliisoma kwa sauti mara tatu, mmoja akaiandika, mwingine akaihakiki kwenye leseni. Mashine ile haikurudi kazini. Ilipelekwa Arusha. Hati ya kuiondoa pale ilikuwa na nafasi ya shahidi, na msimamizi wetu akanyoosha mkono kuchukua kalamu. Mkaguzi akampa Mzee.

Mzee alisema hajui kuandika, akaomba wino. Dole lake gumba liko chini ya ukurasa ule, jeusi, mistari yake yote inaonekana. Katika jalada zima la mashine ile kuna saini kumi na moja, na hiyo ndiyo pekee ya mtu aliyekuwa anajua sanduku liko wapi.